Themostati Mbili, Kompresa Moja: Maswali ya Mara kwa Mara Kuhusu Kuunganisha Ishara kwa Rilei

Ukurasa huu ni wa mafundi friji, mafundi umeme na wenye vyumba vya baridi wanaotaka themostati zaidi ya moja ziendeshe mashine moja bila kugombana, kwa kutumia rilei, yaani swichi ndogo inayogeuzwa na koili yake inapopata umeme. Mfano tutakaoutumia karibu mpaka mwisho ni wa hoteli ya pwani yenye vyumba viwili vya baridi: kimoja cha samaki wabichi, kinachoshikiliwa nyuzi 0, na kingine cha mboga za majani na vinywaji, nyuzi 4. Kila chumba kina ivaporeta yake (sehemu inayopoza hewa ya chumba), valvu ya solenoidi yake (inayofunguliwa kwa umeme ili kupitisha gesi) na themostati yake. Nje kuna mashine moja tu yenye kompresa moja. Umeme wa kuendeshea saketi ni volti 230, hezi 50.

Kazi zote za kuunga na kufungua waya zinazoelezwa hapa zifanywe umeme ukiwa umekatwa kwenye swichi kuu na kuhakikishwa kwa multimita. Testa ya bisibisi isiaminiwe kwa hilo, kwa sababu inaweza kukosa kuwaka ilhali waya una umeme. Tanzania leseni za mafundi umeme hutolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, Kenya hutolewa na ya kwao, EPRA. Kama huna, fanya kazi na aliye nayo.

Themostati inatoa ishara gani hasa?

Themostati nyingi hazitoi umeme wowote wa kwao. Ndani yake mna kontakti inayofunga na kufungua, kama swichi ya taa inavyofanya ukutani. Mafundi huiita kontakti kavu. Umeme unaotoka upande wa pili ni ule ule uliouingiza wewe. Chukua kidhibiti kinachoonekana sana madukani, STC-1000: namba 1 na 2 ni umeme wa kukiendesha chenyewe, 3 na 4 ni sensa, 5 na 6 ni kontakti ya kupasha, 7 na 8 ni kontakti ya kupoza. Kati ya 7 na 8 hakuna volti mpaka uipeleke layini kwenye 7.

Zipo nyingine ambazo layini imeshaungwa ndani kwa ndani, na zinatoa volti 230 moja kwa moja. Pima kabla ya kuchora mchoro wako. Kosa la kudhani kuwa kontakti ni kavu wakati siyo huishia kwenye fyuzi iliyokatika, tena kama una bahati.

Kwa nini nisizifunge tu waya za themostati mbili pamoja ziende kwenye kontakta (swichi kubwa ya umeme inayowasha kompresa)?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake ndilo sababu ya rilei kuwepo hapa.

Kama kila themostati ingekuwa na kazi moja tu ya kuwasha kompresa, ungeweza kuziunga sambamba na mambo yangeenda. Lakini kwenye mfano wetu themostati ya samaki ina kazi mbili: kufungua solenoidi ya chumba cha samaki na kuwasha kompresa. Ya mboga nayo vivyo hivyo. Ukiunganisha matokeo yao kwenye kontakta moja, umeziunganisha pia solenoidi. Themostati ya samaki ikiita, yaani ikifunga kontakti yake kutaka baridi, umeme unafika kwenye kontakta, halafu unarudi kinyumenyume kupitia ule ule waya hadi solenoidi ya mboga, nayo inafunguka bila kuombwa.

Dalili yake inachanganya sana. Mchicha unaganda, na ukitazama kioo cha themostati ya mboga unaona nyuzi 1 na alama ya kupoza imezimika. Fundi anabadilisha themostati, kesho yake anabadilisha sensa, kesho kutwa anaambiwa valvu inavuja. Vyote vizima. Kosa liko kwenye nukta moja ambapo waya mbili zilikutanishwa mapema mno.

Watu hudhani rilei imewekwa kwa ajili ya kubeba ampea nyingi tu. Kazi yake kubwa hapa ni kutenganisha. Kila themostati inaongea na koili yake peke yake, na ishara zinakutana upande wa kontakti za rilei, ambako hakuna njia ya kurudi nyuma. Ukilishika hilo, michoro yote iliyobaki utaichora mwenyewe.

Nionyesheni waya kwa waya.

Tutatumia rilei mbili ndogo za pini 8, zenye kontakti mbili za kwenda na kurudi kila moja, za aina inayochomekwa kwenye soketi. Kwenye rilei hizi koili ni pini 13 na 14. Kontakti ya kwanza: 9 ni ya pamoja, 5 hufunga koili ikipata umeme, 1 hufunga koili ikikosa umeme. Kontakti ya pili: 12 ni ya pamoja, 8 hufunga koili ikipata umeme, 4 koili ikikosa. Mchoro huwa umechapwa ubavuni mwa rilei. Usome, kwa sababu rilei za pini za mviringo zina namba tofauti kabisa: za pini 8 za mviringo koili yake kwa kawaida ni 2 na 7.

Rilei ya samaki tuiite KA, ya mboga KB.

Layini ya kudhibiti itoke kwenye saketi breka yake ndogo, ampea 2 mpaka 6. Waya huo uuite namba 1. Peleka namba 1 kwenye pini 7 ya kila themostati. Kutoka pini 8 ya themostati ya samaki, waya namba 2 uende kwenye pini 13 ya KA na pia kwenye solenoidi ya samaki. Kutoka pini 8 ya themostati ya mboga, waya namba 3 uende kwenye pini 13 ya KB na kwenye solenoidi ya mboga. Pini 14 za rilei zote mbili na upande wa pili wa solenoidi vyote viende nyutro. Namba 2 na namba 3 zisigusane popote.

Sasa kontakti. Namba 1 iende kwenye pini 9 ya KA na pini 9 ya KB. Pini 5 ya KA na pini 5 ya KB ziunganishwe pamoja. Huo ni waya namba 4. Namba 4 upite kwenye swichi ya presha ya juu, swichi ya presha ya chini, kisha kontakti 95 na 96 ya kinga ya mota, ndipo ufike A1 ya kontakta. A2 iende nyutro.

Angalia kwamba vifaa vya usalama vimekaa baada ya makutano, juu ya waya mmoja wa pamoja. Ukiviweka kwenye tawi la KA peke yake, mashine italindwa samaki wakiita na haitalindwa mboga zikiita.

Themostati zangu zimelishwa kutoka fezi tofauti. Kuna shida?

Kubwa. Kwenye majengo ya fezi tatu hutokea chumba kimoja kikalishwa kutoka fezi ya kwanza na kingine kutoka ya pili, kwa sababu tu soketi ya karibu ilikuwa hiyo. Ukiziunganisha pamoja themostati hizo, umekutanisha fezi mbili zenye volti kama 400 kati yao. Na mtego ni kwamba hakuna kitakacholipuka siku ya kwanza. Ikiita moja, sawa. Ikiita nyingine, sawa. Siku zikiita zote mbili kwa wakati mmoja, mara nyingi baada ya umeme kukatika kwa saa kadhaa na vyumba vyote kupata joto, ndipo kontakti zinapoungana kwa moto.

Rilei zinaondoa tatizo hilo: kila koili ikae kwenye fezi ya themostati yake na nyutro yake, na kontakti zibebe layini moja tu ya paneli ya mashine. Hata hivyo ushauri wangu ni kuvuta waya mpya na kulisha themostati zote kutoka saketi breka moja. Paneli yenye umeme wa kutoka sehemu mbili humuumiza fundi atakayekuja baadaye akazima swichi moja na kuamini kuwa amemaliza. Kama huna budi kuiacha hivyo, bandika onyo mlangoni kwa herufi kubwa, na utaje ziliko swichi zote mbili.

Kila kidhibiti tayari kinachelewesha kompresa dakika 3. Ya nini taima nyingine?

Kwa sababu kila kidhibiti kinahesabu muda wake mwenyewe tu. Hakijui mwenzake anafanya nini.

Fuatilia dakika moja ya kazi. Samaki wamefika nyuzi zao, KA inaachia, kompresa inazima. Sekunde kumi baadaye mboga zinaita. Kidhibiti cha mboga hakijawasha chochote kwa nusu saa, kwa hiyo dakika zake 3 zilishapita zamani, na kinafunga mara moja. Kompresa iliyozimwa sekunde kumi zilizopita inatakiwa kuwaka huku presha ya upande wa juu bado iko juu. Kompresa ya fezi moja mara nyingi itakwama, itavuta umeme mwingi, na kinga ya joto itaikata. Ikirudiwa kila siku, nyuzi za mota zinaungua, kisha lawama inatupiwa gesi.

Taima ya pamoja lazima ikae kwenye waya namba 4, baada ya makutano. Iliyo bora ni ile inayoanza kuhesabu kompresa inapozima na kuzuia isirudi mpaka dakika 3 mpaka 5 zipite. Kwa nchi zetu taima hiyo ina faida ya pili: umeme ukikatika na kurudi, ukakatika tena na kurudi, mashine haidundishwi. Hakikisha tu kwamba unayonunua inachelewesha pia umeme unaporudi, maana si zote.

Lakini taima inaleta jambo jipya. Kwenye mchoro wetu wa awali solenoidi inafunguka mara themostati inapoita, wakati kompresa bado inasubiri. Kwa dakika zote hizo gesi ya maji (gesi ya kupozea ikiwa kimiminika) inaingia kwenye ivaporeta bila kuvutwa, na kompresa ikiwaka inaweza kumeza maji. Hapo ndipo kontakti ya pili ya rilei inapopata kazi. Ondoa solenoidi kwenye waya namba 2 na 3. Chukua namba 1, ipitishe kwenye kontakti saidizi ya kontakta, 13 na 14, kisha uipeleke kwenye pini 12 za KA na KB. Pini 8 ya KA iende kwenye solenoidi ya samaki, pini 8 ya KB iende kwenye solenoidi ya mboga. Sasa solenoidi inafunguka pale tu chumba chake kinapoita na kompresa inapokuwa inazunguka.

Mashine yangu inazimwa na presha ya chini. Bado nahitaji rilei?

Mara nyingi hapana, na usikubali kuuziwa. Kwenye mpangilio huo kila themostati inafungua na kufunga solenoidi yake tu. Ikifunguka yoyote, presha ya upande wa chini inapanda na swichi ya presha inawasha kompresa. Zikifunga zote, kompresa inavuta gesi mpaka presha inashuka, kisha inazima. Mabomba yenyewe yanafanya kazi ya kuunganisha ishara. Mabadiliko ya solenoidi niliyoeleza kwenye swali lililotangulia yasifanywe kwenye mashine ya aina hii, kwa maana solenoidi lazima ifunguke kwanza ndipo kompresa ipate sababu ya kuwaka.

Kama nataka kifaa kiwake pale tu themostati zote mbili zinapokubali?

Unga kontakti mfululizo badala ya sambamba: namba 1 iingie pini 9 ya KA, itoke 5, iingie pini 9 ya KB, itoke 5, iende kwenye mzigo. Mpangilio huu ni wa usalama kuliko wa kupoza. Mfano mzuri ni chumba cha vifaranga chenye hita ya umeme: themostati ya kwanza inaendesha joto la kila siku, ya pili imepangwa nyuzi chache juu yake na haina kazi nyingine ila kukata ya kwanza ikigoma kuachia. Kontakti za kidhibiti huweza kuyeyuka na kugandana zikiwa zimefunga. Hilo likitokea hakuna programu itakayookoa vifaranga. Themostati ya pili yenye sensa na rilei yake ndiyo itakayowaokoa. Kwa kinga ya uhakika zaidi, kila moja iendeshe kontakta yake na kontakta mbili ziwe mfululizo kwenye hita.

Nina kompresa mbili. Inawezekana ya kwanza iwake akiita yeyote, ya pili wakiita wote?

Inawezekana kwa rilei zile zile mbili bila kuongeza hata moja. Kontakti za kwanza ziunge sambamba kwa kompresa ya kwanza, kama tulivyofanya. Kontakti za pili ziunge mfululizo: namba 1 kwenye pini 12 ya KA, kutoka 8 hadi pini 12 ya KB, kutoka 8 hadi kwenye kontakta ya kompresa ya pili. Kila kompresa iwe na taima yake, na ya pili icheleweshwe zaidi ili zote zisianze pamoja na kuangusha volti. Kama kontakti za pili zimeshatumika kwa solenoidi, nunua rilei za kontakti nne.

Themostati tatu, na nataka mbili zikikubaliana ndipo alamu ilie?

Kontakti ya KA iungwe mfululizo na jozi ya KB na KC zilizo sambamba, halafu tawi lingine lenye KB na KC mfululizo liungwe sambamba na hayo yote. KA inatumia kontakti moja, KB na KC mbili mbili. Kwa stoo ya dawa au chanjo mpangilio huu una maana: sensa moja ikiharibika haiamshi watu usiku bure, wala haiwezi kunyamazisha mbili zinazosema kweli.

Rilei ya ukubwa gani?

Rilei iliyoandikwa ampea 10 inabeba hizo kwa mzigo wa hita. Kwa mota hesabu ni nyingine, kwani kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida. Kwa hiyo rilei iwashe koili ya kontakta, na kontakta ndiyo iwashe kompresa. Vivyo hivyo usiiamini namba 10 iliyoandikwa kwenye kidhibiti chenyewe. Volti za koili zilingane na volti za ishara: 230 kwa 230, 24 kwa 24, na uangalie kama ni AC au DC.

Rilei inaguguma na haiachii hata themostati ikizima.

Koili ya rilei ndogo ya volti 230 inahitaji miliampea chache tu. Waya mrefu uliolazwa sambamba na waya wenye umeme huvujisha kiasi kidogo cha umeme, na wakati mwingine kinatosha kuishikilia. Kidhibiti chenye triaki (swichi ya kielektroniki) badala ya kontakti huvujisha pia. Pima volti kwenye pini 13 na 14 themostati ikiwa imezima. Ukikuta volti 60 au 90 umempata mwizi. Weka rezista ya omu 100 iliyo mfululizo na kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya aina ya X2 sambamba na koili. Kifurushi hicho huuzwa kikiwa tayari, na pia kinazima cheche zinazovuruga vidhibiti vya kidijitali. Kwa koili ya DC weka dayodi 1N4007, upande wenye mstari ukiwa kwenye chanya.

Ikiwa inaguguma wakati imepewa umeme kamili, shuku soketi iliyolegea au volti ya chini. Kutu ya pwani hula soketi haraka.

Niko Marekani, themostati zetu ni za volti 24. Mambo ni yale yale?

Kanuni ni ile ile. R ndiyo umeme kutoka kwenye transfoma, W inaita joto, Y inaita baridi, G feni, C ni waya wa kurudi. Ukiwa na themostati mbili za boila moja, kila W iende kwenye koili yake ya volti 24 AC, upande wa pili wa koili uende C, na kontakti mbili zilizo sambamba ziende kwenye vituo vya TT vya boila. Kama kila themostati ina transfoma yake, usiunganishe transfoma hizo: zikipishana upande, unapata volti 48 palipotarajiwa 24. Transfoma nyingi za nyumbani ni za VA 40, kwa hiyo jumlisha matumizi ya koili, valvu na themostati zenyewe kabla ya kuongeza rilei. Na pale rilei inapobeba ishara hafifu ya kielektroniki, chagua yenye kontakti zilizopakwa dhahabu, kwa sababu kontakti za kazi nzito huhitaji mkondo wa kutosha ili zijisafishe.

Nipimeje kabla ya kuikabidhi?

Zima saketi breka ya kompresa, acha ya kudhibiti. Punguza nyuzi za themostati ya samaki pekee: KA ivute, solenoidi ya samaki ipate volti na ya mboga isome sifuri. Kwenye mchoro wenye kontakti saidizi, ngoja taima iishe na kontakta ivute kwanza ndipo upime solenoidi. Rudisha, fanya hivyo hivyo kwa mboga. Kisha ziite zote mbili, halafu uzizime moja moja, uone kontakta inabaki hadi ya mwisho iachie. Jaribu taima kwa kuzima chumba kimoja na kuita kingine papo hapo. Mwisho kata umeme, fungua waya wa swichi ya presha ya juu, urudishe umeme na kuita, kwanza samaki, kisha mboga, ukingoja taima iishe kila mara. Kontakta isivute mara zote mbili. Ikivuta hata mara moja, rudi kwenye waya namba 4 uangalie ulipounganisha.